Fundi Aliyeifunga Nuru Miguu

Kati ya meza yake na cherehani yangu palikuwa na mstari wa chaki. Aliuchora yeye mwenyewe kwenye sakafu ya kibaraza, toka ukutani mpaka ukingoni, na kila ulipofutwa na miguu ya wateja aliuchora upya asubuhi kabla hajagusa bisibisi. Upande wake wa mstari, nguo ya nailoni ilikuwa marufuku. Kanga ruksa, kaniki ruksa, marekani ruksa. Nailoni na tetroni zibaki kwangu, tena nisizikung'ute.

"Jirani," aliniambia siku alipouchora, "nguo hizo zina cheche usizoziona. Ukizikung'uta karibu na meza yangu utaniulia mgonjwa."

Nilimcheka mbele ya wateja. Tulikuwa tumekaa kibaraza kimoja pale Ngamiani miaka na miaka, mie mwanamke na vitambaa vyangu, yeye na redio zake mbovu, hatuna mpaka. Leo ananiwekea forodha kama ya Horohoro. Lakini alikuwa mkubwa wangu kwa umri, kila asubuhi namwamkia shikamoo, basi nikausogeza mfuko wa nailoni upande wa pili nikaendelea kushona.

Alizaliwa lini sijui, na ukoo wake sikumuuliza. Yeye naye hakuniuliza wangu. Nilijua kwao ni Moa kwa sababu akila chumvi ya dukani alikunja uso akasema chumvi ni ya kwao. Mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Ngamiani ina mafundi wa baiskeli, wa saa, wa majiko, wa magodoro, lakini ukisema "peleka kwa Fundi" mtu hakuuliza yupi. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake imeingia mafuta ya mashine mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani, na dukani hakuvaa viatu. Alisema mtu wa umeme akivaa viatu anajidanganya.

Nilihamia kibarazani kwake miaka ile ya foleni, sabuni ikipatikana kwa barua na sukari kwa kujuana. Mimi nilikuwa nashona viraka juu ya viraka. Yeye alikuwa anatengeneza redio bila vipuri, na hadi leo sijaelewa alivyofanya. Betri zilizokwisha alizianika juu ya bati kama samaki. Zikishindwa alizitoboa kwa msumari akazinywesha maji ya chumvi, na zikampa mtu taarifa ya habari siku mbili tatu zaidi. Spika iliyopasuka aliiziba kwa karatasi ya daftari na uji wa muhogo. Wazee wa mkonge waliokuwa wamepunguzwa kazi walimletea redio zao zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na aliwarudishia zinasema, zimefungwa kwa mpira ule ule.

Vipuri vichache alivyokuwa navyo vilipita porini kutoka ng'ambo ya mpaka. Wakati wa msako wa walanguzi alivitia kwenye kopo, akalifukia chini ya mto wa mkewe. Mkewe, Da Mwanahamisi, alikuwa amepooza miguu tangu mimba iliyomharibikia, kabla mimi sijawajua. Askari waliingia wawili na mgambo mmoja. Da Mwanahamisi akashika kiuno akaanza kulia, "Uwiii, mwana anatoka! Mwiteni mkunga! Nyie wanaume mwataka kuona nini?" Mgambo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Fundi alikisimulia kisa kile miaka kumi, na kila alipokisimulia alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu mwana hawakupata na hakuna aliyekuwa anatoka.

Kwa wateja alikuwa mkali kama pilipili ya mwambao. Alikuwa na neno lake moja: "Kifaa hakifi, kinauawa." Ukimletea redio ukasema "imekufa tu yenyewe, Fundi," alikunja mikono kifuani akakuhoji kama polisi. Nani aliifungua kabla yangu? Nani aliiweka dirishani mvua ikinyesha? Akainusa. "Hii imemwagiwa chai. Tena ya maziwa." Watu wazima walisimama pale wakikiri makosa ya watoto wao. Mimi nilikuwa nacheka huku mguu wangu ukiendesha cherehani, maana ile ya kwangu ilikuwa ya kukanyaga, na wakati wa kazi nyingi haikusimama. Mtaa ulizoea. Walisema Fundi na jirani yake wana saa mbili: moja inasema, nyingine inakwenda tak-tak-tak.

Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa. Mitumba ikamwagika, madukani kukajaa vitu ambavyo hatukuwa na fedha ya kuvinunua, na vijana wakaanza kurudi kutoka Uarabuni na Unguja na mashine za kupigia sidii. Arusi za Usagara zikaacha kaseti. Ila mashine zile zilikuja nyingi zikiwa zimetumika, zimegongwa melini, zimeingia mchanga, na baada ya miezi michache zilikataa kusoma. Unaweka sidii, inazunguka, inazunguka, halafu kimya. Zikaletwa kwa Fundi. Hakuwa amewahi kuona kitu kile, wala hakuwa na kitabu. Alifungua ya kwanza, akaitazama siku nne bila kuigusa.

Siku ya tano aliniita. Ndani ya mashine, chini ya kioo kidogo kama jicho la dagaa, palikuwa na kidude kidogo kuliko punje ya mtama, cha bati, chenye miguu mitatu. "Hii ndiyo inayosoma," akaniambia kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini. "Inatoa nuru. Diodi ya leza. Nuru yenyewe huioni vizuri, wekundu kidogo tu, lakini inakwenda moja kwa moja. Haitawanyiki kama ya kurunzi. Umeiona?"

Nilisema nimeiona. Sikuona kitu, nilikuwa nafikiria mikono ya gauni.

Ndipo ulipokuja ule mstari wa chaki, na mambo mengine yaliyotufanya tumwone ameingiwa na wazimu. Kila diodi aliyoichomoa aliifunga miguu yake mitatu pamoja kwa uzi mwembamba wa shaba, kama kuku wa sokoni, na hakuifungua mpaka awe tayari kuilisha. Alisema cheche ya mwili wa mtu inaiua, hata mtu mwenyewe asihisi. Kabla ya kuigusa alishika kwanza bomba la maji lililokuwa ukutani. Umeme wake aliupima kama dawa ya mtoto. Kuna watu wanasema mgonjwa haulizwi uji. Yeye alisema, "Huyu anaulizwa, tena kijiko kwa kijiko. Ukipunguza hatoi nuru. Ukizidisha kidogo tu, kama unywele, anakufa, na akifa hapigi kelele wala hatoi moshi. Unabaki umeshika maiti hujui." Redio ilimzoesha vitu vinavyounguza vidole na kunuka. Hiki kilikufa kimya, na nadhani hilo ndilo lililomtia hofu na mapenzi kwa pamoja.

Kandoni mwa jicho lile palikuwa na kijiskurubu. Diodi ikichoka, ukikigeuza kidogo mbele unaiongezea umeme, nayo inaamka, sidii inaimba kama mpya. Baada ya miezi miwili mitatu inakufa moja kwa moja, hairudi tena. Fundi aliwaambia wateja ukweli huo wote. "Nikigeuza nakukopesha uhai wake wa kesho. Usije ukanililia hapa." Wakasema, geuza Fundi, arusi ni Jumamosi. Akageuza. Na baada ya miezi mitatu walikuja wakalia pale pale, wakamwita mwizi. Alikasirika siku nzima. Kesho yake akaja mwingine, arusi ni Jumamosi, akageuza. Mtu aliyejua kitu vizuri hivyo, na akakifanya hivyo hivyo. Nimemfikiria sana kwa hilo.

Lingine ni la macho. Hakuna mtu aliyeonya watu kama yeye. Mtoto akisogea mezani alimfukuza: "Usitazame ndani ya kioo, utapofuka!" Mimi mwenyewe aliniapisha. Kama nataka kuona kama inawaka, niweke karatasi nyeupe mbele yake, nitazame karatasi. Lakini yeye, akitaka kujua kama mashine ya mteja ni nzima, aliinamia kioo akachungulia wekundu ule kwa jicho lake la kulia, moja kwa moja, haraka haraka, mara ishirini kwa siku. Nikimwambia alijibu, "Mita husema uongo. Jicho halisemi uongo. Tena mie nimezoea." Jicho la kulia likaanza kumwekea doa katikati, kama tone la wino kwenye karatasi. Akahamia la kushoto.

Sasa niseme kwa nini alizihifadhi zile diodi, maana wateja wake walitaka nyimbo tu, na yeye nyimbo hakuzipenda.

Chumba chao kilikuwa ng'ambo ya kiwanja kilichokuwa kitupu tangu nyumba ya hapo ilipoanguka. Kutoka kibarazani uliliona dirisha la Da Mwanahamisi, lakini humsikii, kwa sababu ukuta kwa ukuta nasi palikuwa na mashine ya kusaga unga, ikiwaka hata sisi wawili tulisemezana kwa mikono. Asubuhi alikuja mpwa wa Fundi kumwogesha na kumpikia, kisha akaenda zake shule. Baada ya hapo mwanamke alibaki peke yake, na miguu isiyomtii. Fundi alikwenda kumtazama kila baada ya muda, anavuka kiwanja mbio bila viatu, anarudi. Zamani alikuwa amemvutia waya: Da Mwanahamisi anabonyeza, kibarazani spika inasema, "Mume wangu, maji." Mtaa mzima ulijua Da Mwanahamisi anataka nini. Alipokuwa na hasira naye alimtukana kwa spika mbele ya wateja, na Fundi alijifanya kukagua lehemu.

Waya ule uliibwa. Akanunua mwingine, ukaibwa. Shaba ilikuwa imepata soko wakati huo, watu walichimba mpaka nyaya za simu. Fundi aliposimama kwenye kiwanja ameshika kipande kilichobaki mkononi, ndipo alipolisema neno lililompeleka pabaya.

"Nuru haiibiwi, jirani."

Alitaka sauti ya mkewe ipande juu ya nuru. Alinieleza mara nyingi hata mimi mshonaji nikaelewa. Kule dirishani kwake awe na maiki na diodi ya leza, sauti iitikise nuru. Huku kibarazani pawe na kitu cha kuipokea nuru ile na kuigeuza sauti tena. Cha kupokea alikitengeneza kwa wiki moja: alichukua transista ya zamani ya kichwa cha bati, akaikata kichwa kwa msumeno ili mwanga uingie ndani, akaitia kwenye kopo la maziwa, akalipigilia juu chini ya bati la kibaraza, mdomo wake ukielekea dirishani kwa mkewe. Alijaribu kwa balbu ya kurunzi, haikufika, jua liliimeza. Leza tu ndiyo ingevuka kiwanja mchana.

Diodi alizokuwa nazo zilikuwa za mashine mbovu, zimegeuzwa skurubu mpaka zimechoka. Alizilisha moja moja kwa betri ya gari na vidude vyake vya kupunguza umeme, zikafa moja moja. Maiti alizitia kwenye kopo la kahawa, bado zimefungwa miguu. Mwaka ule kopo lilikuwa likijaa. Mke alimwambia, mimi nikiwapo, "Acha bwana. Nimekaa hivi miaka yote, sikufa." Akamjibu, "Siku ukiniita nisisikie, nitakwenda kumwambia nani?" Hilo ndilo alilokuwa akilikimbilia, si kingine. Kwamba mkewe ataita siku moja, na yeye atakuwa kimya upande wa pili wa kiwanja, ameinamia redio ya mtu.

Mwishoni akapata diodi nzima. Mfanyabiashara mmoja aliangusha mashine mpya wakati wa kushusha mzigo, ikapondeka kila kitu isipokuwa jicho. Fundi aliipata kwa kubadilishana na redio yake mwenyewe, ile kubwa ya mbao, ambayo Da Mwanahamisi aliisikiliza kutwa. Basi chumbani kukawa kimya kabisa. "Wiki moja tu, mke wangu," alimwambia, "utasikilizwa wewe."

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Mimi nilikuwa na nguo za Idi za watoto zimepangwa mpaka begani, na wenyewe wanapita kila saa kuuliza. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mashine ya kusaga ilikuwa kimya, mtaa umelala kwa njaa. Fundi aliiweka diodi yake kwenye kipande cha bati, akaifungua miguu, akaiunganisha na betri ya gari. Mbele yake akaweka karatasi nyeupe, akafunika vyote kwa kanga nyeusi ya mkewe ili jua lisiingie. Akaingiza kichwa. Akakaa humo muda. Akatoka, akafikicha macho, akaingia tena.

"Jirani," akasema, "hebu nitazamie. Macho yangu leo hayana kazi. Inua kanga, utazame karatasi, uniambie kama kuna wekundu."

Sikunyanyuka. Nilikuwa na mshono wa kola, na kola ukiiacha katikati inajikunja. Nilikuwa nimemtazamia zile mbovu mara kumi wiki ile, na mara zote kumi hapakuwa na kitu. Nikasema, macho yangu kwenye sindano, "Sioni kitu, Fundi."

"Huoni?"

"Sioni."

Akaingiza mkono chini ya kanga na bisibisi yake ndogo, akakigeuza kijiskurubu mbele. Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Kanga ilikuwa imefunuka upande wangu, na ndani yake, kwenye karatasi, niliona doa jekundu, limetulia, dogo kama kichwa cha pini. Lilikuwa linawaka. Lilikuwa linawaka muda wote ule. Mkono wake ukageuka kidogo, doa likang'aa vizuri zaidi, kisha halikuwapo.

"Na sasa?" akauliza.

Niliweka nguo chini, nikavuka mstari, nikainua kanga, nikaingiza kichwa changu chote. Giza na harufu ya udi wa mkewe. "Hakuna, Fundi," nikasema. Safari hii nilikuwa nasema kweli.

Aligeuza nyuma, akagusa waya, akasubiri. Kisha akakata betri. Akachukua uzi wa shaba akaifunga miguu ile mitatu pamoja, taratibu, kama bado ilikuwa na haja ya kufungwa. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri redio yake akamuuliza imekuwaje. Fundi akasema, "Imekufa."

Yule mteja hakushtuka. Mimi nilishtuka. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akisema kifaa kimekufa. Alitakiwa aulize nani amekiua. Nilimngojea aulize, nilikuwa na jibu kinywani, wallahi nilikuwa nalo. Hakuuliza, na mimi nikarudi kwenye kola.

Idi ikapita. Umeme ukarudi, mashine ya kusaga ikarudia kelele zake. Wiki ya tatu baada ya Idi, mchana, Da Mwanahamisi alianguka kutoka kitandani akijinyoosha kufuata kata ya maji. Aliita. Aliita sana, mama muuza vitumbua aliyepita nyuma ya nyumba alisema alimsikia akiita "mume wangu, mume wangu," na akadhani ni kawaida yake. Sisi kibarazani tulikuwa tunasemezana kwa mikono. Fundi alikuwa na kazi ya mtu wa haraka, akachelewa kuvuka. Alipokwenda alasiri alimkuta sakafuni, mguu umepinda vibaya chini yake, sauti imekwisha. Aliishi siku tisa. Nilimwosha mimi na wenzangu wawili, na nilipomwosha sikuweza kumtazama usoni.

Baada ya matanga Fundi alirudi kazini. Aliinamia redio kama zamani, alikuwa mkali kama zamani kidogo, akawageuzia watu skurubu kwa ajili ya arusi zao. Vitu viwili tu vilibadilika. Kopo la maziwa alilibandua chini ya bati. Na mstari wa chaki haukuchorwa tena. Miguu ya wateja iliufuta siku ya kwanza, ya pili ukabaki ukungu, ya tatu haupo. Nailoni zangu zikamwagika mpaka chini ya meza yake asiseme neno. Nilitamani anifokee. Siku moja nilikung'uta gauni zima la tetroni puani kwake makusudi, akapiga chafya, akaendelea na kazi.

Jicho la kushoto nalo likafuata la kulia. Alianza kulehemu kwa kupapasa, akaunguza vidole, kisha akaunguza redio za watu. Wateja wakahamia kwa vijana wa barabara kuu. Asubuhi moja nilikuta nusu yake ya kibaraza imefagiliwa, meza haipo. Mpwa wake akasema wamemchukua kwao Moa.

Miaka ikapita. Sikwenda. Nilikuwa na sababu, kila mwaka yake. Nilikwenda safari moja tu, kuzika mtu wa huko, nikapanda lori lililokuwa likifuata chumvi. Asubuhi ile kabla ya kupanda nilipita sokoni, na kwenye genge la vitu vya mchina niliona watoto wanachezea kidude kama kalamu, wakikibonyeza doa jekundu linaruka ukutani, linapanda mgongoni kwa paka. Nilisimama pale kama mjinga. Leza. Inauzwa kwenye karai moja na vitana na mipira ya nywele. Nilinunua kimoja. Hata sasa siwezi kusema nilidhani nampelekea nini.

Nilimkuta amekaa mkekani uani, mgongo ukutani, anasuka kamba. Mikono ilikuwa ile ile. Macho yalikuwa wazi, yakatazama upande wangu, yakanipita.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Akaacha kamba. "Jirani."

Tulizungumza ya watu. Nani amekufa, nani ameuza nyumba, kile kiwanja kimejengwa duka la mitumba, nguo zangu siku hizi hazishonwi, watu wananunua zilizoshonwa. Alicheka kidogo. Kisha nikamtia ile kalamu mkononi. Aliigeuza, akaipapasa, akakuta kitufe.

"Nini hiki?"

"Bonyeza."

Akabonyeza. Doa likatua ukutani kwa ng'ambo, jekundu, dogo, limetulia, mchana kweupe.

"Inawaka?" akauliza.

Safari hii nilinyanyuka. Nikatembea uani mpaka ukutani, nikaweka kidole kwenye doa, likanitia wekundu kwenye ukucha. "Inawaka, Fundi. Naiona. Niko karibu nayo, nimeigusa."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuachia kitufe. Nikaona nikikaa kimya hapo nitanyamaza mpaka nife.

"Fundi," nikasema, "ile siku ya kanga. Sikutazama."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Cherehani haikusimama," akasema. "Ulisema huoni, na cherehani inakwenda. Mtu hawezi kuingiza kichwa chini ya kanga yangu na mguu uko kwako."

Nilishika ukuta. "Sasa ulijua sijatazama, mbona ukageuza?"

Huko nje mtu alikuwa anaswaga mbuzi, akawapitisha, wakaisha.

"Ngazi ilikuwapo," akasema. "Kopo la maziwa lilikuwa juu pale, ningelishusha nikaliweka mbele ya diodi, nikasikiliza kama linapokea nuru. Masikio yangu yalikuwa mazima. Kazi ya robo saa. Nilikuwa na haraka nimpelekee." Akasita. "Wenye arusi nilikuwa nawacheka kwa haraka hiyo hiyo."

Pole haikutosha na samahani ilikuwa imechelewa, na yeye hakuniomba hata moja. Doa lilikuwa bado pale ukutani, kwenye kidole changu, likianza kufifia kwa sababu betri zenyewe zilikuwa ndogo kama vifungo.

"Bado ipo?" akauliza.

"Bado ipo."

"Mahali pale pale?"

"Pale pale."

Akaishikilia hivyo, mkono umenyooka, na mimi nikasimama ukutani namwambia ipo, ipo, mpaka ilipozimika. Nikamwambia imezimika. Akanirudishia, akaipapasa kamba yake akatafuta mahali alipoishia.